Majivu Kwenye Taa za Kamioneti

Nilipoolewa Rumonge nilimkuta mke mwenzangu ameshatangulia, yuko uani, ana magurudumu manne. Ilikuwa kamioneti ya kijivu. Mume wangu aliinunua kwa Mgiriki mmoja, mfanyabiashara wa mawese aliyefunga duka na kuondoka baada ya uhuru, ambaye mume wangu alikuwa dereva wake. Kila asubuhi aliiosha kabla hajanywa chai. Mimi nimezaliwa na ulimi mrefu, nikamwambia siku moja itabidi amwandikie talaka mmoja wetu, na kwa nionavyo haitakuwa ya mwenye magurudumu. Alicheka tu, akaendelea kusugua.

Kamioneti ile ilikuwa na ugonjwa mmoja: fare, ndivyo tulivyoziita taa za mbele. Vumbi la barabara ya Bujumbura na unyevu wa ziwa vilikuwa vimeingia mpaka ndani ya vioo, vikaweka ukungu kama ule wa macho ya mzee. Kwa muda mrefu hakuwa na nafasi ya kuzishughulikia. Nafasi ilipatikana mwaka wa sabini na mbili, mauaji yalipoanza. Soko lilifungwa, hakuna aliyepakia mawese, wanaume wakakaa majumbani wakisikiliza barabara. Mume wangu hakujua kukaa bure. Alitandika kanga yangu kuukuu juu ya mkeka, akafungua ringi za taa, akatoa vioo.

Aliviosha kwanza kwa sabuni ya mawese. Kisha tulichekecha majivu ya jikoni, tukayachanganya na maji ya ndimu, tukasugua taratibu kwa kitambaa laini, tukizungusha mkono. Kazi hiyo niliiweza kumpita. Toka utoto nimesugua masufuria kwa majivu na mchanga wa ziwani mpaka yakatoa uso wangu. Lakini nilipoingiza vidole vyenye majivu kwenye lile bakuli linalong'aa, lililo nyuma ya kioo, alinidaka mkono kwa nguvu.

"Apana! Hii si sufuria, bibi. Hapa juu iko fedha, nyembamba kuliko karatasi. Ukitia majivu, imekufa."

Bakuli alilipumulia tu, akalipangusa kwa pamba. Nilinuna kidogo, maana mimi mwenyewe sikumbuki kupanguswa kwa pamba.

Jirani yetu, tuliyetengana naye kwa ua wa matete, alikuwa mchuuzi wa ndagala, wale dagaa wa ziwani, na alikuwa na kamioneti kama yetu. Ni mtu aliyekuletea samaki kabla hujasema huna kitoweo. Alipoona fare zetu zilivyotakata, alitamani, na mume wangu akampa siku nzima akizisugua za kwake, kuanzia chai mpaka magharibi. Walipoziwasha, mwanga ulipiga ukuta wa banda nikaona kila tundu la msumari.

"Murakoze sana, ndugu yangu," jirani akashukuru kwa Kirundi.

"Wacha murakoze yako. Kati yetu iko ya nini?"

Siku iliyofuata, baada ya adhuhuri, mtu wa mtaani kwetu alipita nyumba kwa nyumba. Alikuwa ametumwa na watu wenye bunduki, na alisema huku akitazama miguu yake.

"Motokari zote zenye fare nzuri, batazichukua leo, mbele ya magaribi. Pamoja na shofeli wake. Kazi iko ya usiku."

Hakusema ni kazi gani, wala hakuna aliyeuliza. Kule kijijini Gatete lori lilikuwa limechukuliwa vivyo hivyo. Lilionekana tena likipita, limeshikwa na dereva mwingine. Yule wake hakuonekana tena, na mama yake alikuwa ameacha kuulizia.

"Nitaenda," mume wangu akasema. "Nikikataa, watasema naficha kitu." Akachukua kofia yake, akaenda kuswali alasiri.

Nilibaki nimesimama uani. Kuificha kamioneti haikuwezekana, Rumonge nzima iliijua. Kuharibu injini sikujua pa kuanzia. Nilichokijua mimi ni majivu.

Nilifungua ringi kama nilivyomwona akifungua. Kwa haraka moja ikaniponyoka, ikabingirika chini ya gari, nikaifuata kwa magoti. Nikachota majivu, nikachota mchanga, nikalisugua lile bakuli kama sufuria lililounguza ugali. Fedha ilitoka, ikageuka weusi vidoleni mwangu. Wallahi nilimlilia mke mwenzangu. Kisha nikapaka vioo mawese kwa ndani na kuvipulizia vumbi, vionekane vya zamani.

Nikiwa kwenye bakuli la pili, nilimwona mke wa jirani akinichungulia kwenye matete.

"Shoga," nikamwambia, "toa fare za bwana wako! Sugua majivu ndani, upesi, zife!"

Alielewa papo hapo, akakimbia. Nilimsikia akimbembeleza mumewe, na mumewe akimjibu kwa sauti ya upole. Aliporudi, macho yalikuwa mekundu.

"Amekataa," akasema. Nami sikupata nafasi ya kuuliza kwa nini, maana mume wangu alikuwa amekohoa mlangoni.

Aliona bakuli mikononi mwangu. Alikuwa hajawahi kuninyanyulia mkono, siku hiyo aliunyanyua.

"Umeua motokari yangu."

"Heri nusu shari kuliko shari kamili. Nipige, lakini kwanza nisaidie kufunga ringi. Wanakuja."

Mkono ulikaa juu. Kisha ulishuka, ukachukua bisibisi. Tulifunga pamoja, na skrubu ya mwisho iliingia huku buti zikisikika njiani.

Walikuwa wawili. Mmoja aliamuru gari liingizwe bandani, penye kivuli, taa ziwashwe. Ziliwaka njano, kama kaa lililobaki jikoni. Aliinama, akatazama kioo, kisha akamtazama mume wangu.

"Mbona hivi?"

Mume wangu alivua kofia kwanza. Nikamtangulia kujibu.

"Ilikuwa ya Mgiriki, shefu. Iko kipofu tangu uhuru."

Hakucheka. Alipiga gurudumu teke, akamwambia mwenzake, "Hii haifai kitu," wakatoka.

Wakaingia kwa jirani. Tulisimama tumeshikana mikono kwa nguvu. Mara mwanga mweupe ukapenya matete, ukatua kwenye ukuta wetu na kwenye nguo zangu zilizoanikwa.

"Hizi ndizo!" mtu akasema.

Injini iliwaka. Jirani alipopita mlangoni petu alipiga honi mara moja, fupi, kama alivyozoea kutusalimu akienda sokoni. Hakurudi tena. Hatukupata maiti ya kuzika wala neno la kumpa mkewe.

Miezi ilipita, mvua ikarudi, na mjane akaamua kurudi kwa ndugu zake Kigoma. Alikuja kuaga. Alikaa mkekani kando yangu, akamgeukia mume wangu aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Shemeji, nikuachie neno moja, lipate kukupoza. Siku ile nilimwambia asugue majivu zife. Akaniambia, 'Mwenzangu amenifanyia kazi siku muzima, hata murakoze yangu amekataa. Nitaharibu namna gani kazi ya mikono yake?' Alikuwa anakuheshimu sana."

Alilileta kama zawadi, na mume wangu akalipokea kama zawadi. "Ahsante, shemeji," akasema. Akamsindikiza mpaka barabarani, akarudi, akapita karibu na kamioneti bila kuigusa.

Toka siku hiyo hakuiosha tena. Aliiendesha mchana tu, na aliyemletea bakuli jipya kutoka Bujumbura alimrudisha nalo. Nilijaribu kumtania, akanitazama nikanyamaza, mimi ambaye sijawahi kunyamazishwa. Basi nikawa naamka mimi alfajiri, kabla ya chai, namwosha mke mwenzangu mwili mzima, taa naziruka.