Alama ya Mbauti

Mchoraji wa miradi ya maji hakuiamini kompyuta ya mtu mwingine. Alama ya mbauti, lile birika la kunyweshea ng'ombe, aliibuni mwenyewe kwenye kompyuta yake, na kila asubuhi aliikuza na kuipunguza, kucha ikigonga kioo. Leo mkutanoni kijijini Mgori, mhandisi akaonyesha mchoro huo ukutani kwa kompyuta yake mwenyewe, isiyo na alama ile. Visima vikatokea, mabomba yakatokea. Penye mbauti, kisanduku kitupu.

"Binti, ng'ombe mmewasahau tena?" aliuliza Mzee Alute, mfugaji.

"Shikamoo, babu," alisema mchoraji, akimwamkia kwa mara ya pili. Akaenda ukutani, akakifunika kisanduku kwa kiganja. Kikamtokea mgongoni mwa mkono. "Mbauti ipo. Kwangu inaonekana."

"Marahaba. Lakini kwako ng'ombe hawaji kunywa."