Beki wa Chiwata aliyekataa kumchezesha Pili

Saa kumi na nusu jioni, kwenye uwanja wa shule kijijini Chiwata, Masasi, Filemoni Nandonde anasimama katikati ya mabinti kumi na saba, filimbi shingoni. Mmoja wao ametoka kujirusha chini kuuwahi mpira, na vumbi limempaka mpaka masikioni. Filemoni anamwendea akichechemea, anamnyanyua kwa mkono.

"Beki anayelala chini ameshakata tamaa," anamwambia. "Simama, msubiri. Mwenye mpira ndiye mwenye haraka, si wewe."

Filemoni ana miaka arobaini na mmoja. Anaishi kwa ekari mbili za mikorosho na shamba dogo la mihogo, na kwa kazi hii ya jioni, siku nne kwa wiki, halipwi chochote. Wakulima wenzake humaliza palizi mapema kumshinda.

Zamani alikuwa namba tano, beki wa kati. Alianzia timu ya kijiji, akachukuliwa Newala, na alipofika miaka ishirini na mbili alikuwa akicheza Mtwara mjini, mashabiki wakimwita Kisiki kwa kuwa washambuliaji walijikwaa kwake.

Miaka miwili baadaye, siku ya fainali, aliamka goti lake la kulia limevimba. Alimweleza kiongozi mmoja wa timu. Kiongozi hakubishana naye. Alimwita mtu mwenye sindano chumba cha kubadilishia nguo. Filemoni alicheza dakika zote tisini bila kusikia maumivu, wakashinda, akabebwa juu juu. Kesho yake hakuweza kukanyaga chini.

"Mwezi wa kwanza walikuja kuniona kila wiki," anasema. "Wa pili, mara moja. Baada ya hapo nikaelewa."

Alirudi Chiwata kwa mama yake. Kwa miaka mitatu, redio ikianza kutangaza mpira, aliizima au alitoka nje. Aliyemrudisha uwanjani ni Mwalimu Josephina, aliyekuwa na timu ya wasichana isiyo na mtu wa kuifundisha. Filemoni alimkatalia mara mbili. Mara ya tatu mwalimu hakuomba. Alimwachia mipira miwili mlangoni, akaenda zake.

Miongoni mwa wasichana aliowapata miaka ya karibuni ni Pili, mwenye miaka kumi na sita, beki anayeusoma mpira kabla haujapigwa. Baba yake, Nurdin, mkulima wa korosho, hakutaka hata kusikia habari ya binti kuvaa kaptura. Filemoni alikwenda kwake jioni tano mfululizo, akaamkia, akaketi, akazungumza habari za mashamba kabla ya kuutaja mpira. Hatimaye Nurdin alikubali, ila kwa sharti la suruali ndefu na hijabu.

Juni mwaka jana timu ikaingia fainali ya vijana huko Newala. Habari zikaenea kwamba mtafuta vipaji kutoka Dar es Salaam angekuwepo. Nurdin, yule yule aliyekataa, alipanda lori na ndugu zake kumi na wawili kwenda kumtazama mwanawe.

Wakati wa kupasha misuli, Filemoni aliona Pili anageuka kwa mguu mmoja tu. Akampeleka pembeni, akamtaka apandishe suruali. Goti lilikuwa limejaa. Pili aliapa haliumi. Filemoni akaandika jina la mwingine.

Nurdin alimfuata mpaka kwenye benchi.

"Mwalimu, nilipokataa ulikuja kunibembeleza," alisema, taratibu, watu wakisikia. "Leo nimekubali, nimekuja na ukoo wangu wote, wewe ndiye unayekataa?"

"Baba Pili, goti lake limevimba. Mpeleke hospitali."

"Mwenyewe kasema haliumi."

"Na mimi nilisema hivyo hivyo."

Walifungwa mawili bila. Mtafuta vipaji aliondoka na majina ya mabinti wawili wa timu pinzani. Kwenye lori la kurudi hakuna aliyezungumza na kocha, na wiki hiyo Nurdin alimwondoa binti yake timuni. Filemoni alimwamkia Nurdin akitoka msikitini, barabarani, mnadani. Aliitikiwa "marahaba" na hakuongezewa neno.

Anakiri kwamba siku hizo alijilaumu. "Labda angecheza na asingeumia. Labda sasa angekuwa Dar. Sijui, na sitajua."

Wiki ya tatu, Pili akitoka kisimani na ndoo, goti lilikwama, akaanguka. Asubuhi iliyofuata Nurdin alisimama mlangoni kwa Filemoni, kofia mkononi. Hakutaja fainali wala hakuomba radhi.

"Ile hospitali uliyosema," aliuliza, "tunafikaje?"

Walikwenda watatu. Daktari aliwaambia kano ya goti imechanika nusu, na kwamba dakika tisini za kukimbizana zingeweza kuimalizia. Njiani kurudi Nurdin alinunua ndizi, akampa kocha mkungu mzima.

Pili alipumzika miezi mitano, akafanya mazoezi mepesi ya kuimarisha mguu, na tangu Februari amerudi. Jioni hii anacheza nusu saa tu. Baba yake yupo kando ya uwanja. Anasema huja kwa sababu anapita njia hiyo, ingawa shamba lake liko upande mwingine wa kijiji.

Juni inakaribia, na Chiwata watapanda tena kwenda Newala kwa mashindano. Hakuna mwenye hakika kama mtafuta vipaji atarudi. Filemoni ameshawaambia wazazi wote kwamba mwenye uvimbe hachezi, awe nani, na anatafuta mganga wa zahanati atakayekuwa akiwapima wachezaji kabla ya kila mechi. Akipata muda anataka kuanzisha timu ya wadogo zaidi, na Pili amsaidie kuwafundisha.

Anaulizwa kama ana ndoto ya kutoa mchezaji wa timu ya taifa. Anaendelea kukusanya mipira.

"Akitokea, tutashukuru," anasema. "Lakini mimi mpira ndio ulioniacha. Hawa nataka wauache wao, siku watakapochoka nao."