Chungu Nilichokiokoa Varanasi

Wenzangu, kuna mambo muntu anafanya kwa nia nzuri kabisa na bado anakosa pa kuficha uso, na la kwangu lilirekodiwa kwa telefone na watu wasionijua, likazunguka mpaka likafika kwetu Uvira, Kongo, kabla yangu. Siwezi kulikana. Yule binti mwenye sketi ya ndani, anayeelea katikati ya mto mtakatifu wa Wahindu huku ameinua chungu juu kama kombe la mpira, ni minye, Mapendo, mtoto wa Kalundu, bandari yetu ya ziwani.

Nilikuwa India mwaka wangu wa kwanza, kwa bursi, ufadhili wa kusoma informatiki ya kompyuta, na Kiingereza changu kilikuwa cha kubahatisha (kwetu masomo ni ya Kifaransa, Kiingereza tulikuwa tunakikariri tu ili tupite mtihani). Niliishi chumba kimoja na binti anaitwa Sunita. Papa yake alipokufa nikamsindikiza kijijini kwao kwenye kilio, lakini tulifika mwili umekwisha kuchomwa, kama desturi yao ilivyo, nikafikiri mambo ya maziko yameishia hapo. Siku chache baadaye Sunita akaniambia familia inaenda Varanasi, mji wao mtakatifu, na mama yake anaomba niende nao. Mama Sunita mwenyewe ndiye alinivalisha sari yake moja, ile nguo ndefu ya kujizungushia, akanipangia mikunjo polepole kwa vidole vyake, akasema kitu ambacho Sunita alinitafsiria: leo nitaenda kama binti yake.

Sasa sikieni kosa lenyewe, maana lilikuwa dogo. Ndani ya gari Sunita alinieleza tunachokwenda kufanya. Alieleza kwa Kiingereza cha mbio, huku analia, huku akichanganya na maneno ya kwao, na minye nilikuwa nimeshika mawili matatu tu: mto, papa, sala. Mwishoni akaniuliza, “Umeelewa?” Nikaitikia kwa kichwa. Nilisema ndiyo, kwa sababu niliona aibu kumwambia muntu mwenye msiba arudilie, na pia (niseme ya kweli) kwa sababu nilikuwa nimechoka kuonekana mjinga kila siku. Kisha nikageukia dirisha nikaangalia mashamba ya haradali, tambarare kama bonde letu la Ruzizi ukipita Sange, ila hakuna mlima hata mmoja wa kuegemeza macho.

Arun, kaka yake Sunita, alikuwa amepakata chungu kidogo cha udongo, mdomo wake umefungwa kitambaa chekundu. Njia nzima hakukiweka chini. Nikajisemea iko samli ya kupeleka sadaka hekaluni. Hata nilimwonyesha kwa mikono kwamba nimpokee apumzike kidogo, naye akatabasamu kwa huzuni, akakataa. Nikamwona ni mchoyo wa samli. Mungu anisamehe.

Varanasi nilifika nikaisahau hata njaa. Ngazi za mawe zinashuka toka juu ya mji mpaka ndani ya maji, na kila ngazi iko na watu, wazee wanaooga huku wanasali, wanawake wenye maua, ng’ombe wanaopita bila kuulizwa na yeyote, kengele, na pembeni kule moshi wa wale wanaochomwa. Tukapanda mtumbwi: Mama Sunita, Sunita, Arun, kuhani wao, mpiga kasia na minye. Tulipofika katikati, kuhani akaanza kusoma. Alisoma muda mrefu. Mama Sunita akainama, akagusa kile chungu kwa paji la uso, na minye kwa kuona ni sala isiyo yangu nikageuza macho kwa heshima, nikawa naangalia ng’ambo.

Ndipo nikasikia: chubwi.

Kugeuka, naona chungu kinaelea kimelala upande, kinaingiza maji. Arun amenyoosha mikono miwili mitupu juu ya maji. Mama Sunita amejiziba mdomo kwa shali analia. Sasa niambieni, weye ungefikiri nini? Kwetu Kalundu kitu kikianguka toka mtumbwini, anayejua kuogelea anaruka, hatukai kwanza kikao. Nikaruka.

Nilisikia Sunita akiita jina langu, nikafikiri ananitia moyo. Mtumbwi uliyumba, sinia la maua likapinduka lote majini, kuhani akashika ubavu kwa mikono yote miwili. Chungu kilikuwa kimeshazama, nikapiga mbizi, nikakikamata kwa kile kitambaa chekundu, na sari nayo ikanikamata miguu. Kikwembe, kitenge chetu, ninajua kukifunga hata nikiwa ndani ya maji, lakini sari haina fundo, ilijifungua yenyewe mkunjo kwa mkunjo ikaenda zake na mto. Nikaibuka na blauzi na sketi ya ndani. Sikujali. Niliinua chungu juu nikapaza sauti kwa Kiswahili, maana Kiingereza kilinikimbia: “Nimekipata. Mama, usilie, nimekipata.”

Mtumbwi wa jirani ulikuwa na watalii. Walipiga makofi. Arun alinivuta juu bila kunitazama, akapokea chungu, na Sunita akaniambia maneno mafupi ambayo hata Kiingereza changu kiliyaweza.

“Mapendo, huyo ni papa.”

Nikabaki nimekaa chini natiririka maji. Majivu. Mifupa ya papa yao. Walikuwa wamekwisha kumwaga kwaheri, na mto ulikuwa umekwisha kumpokea, na minye nimemrudisha.

Mama Sunita akasema kitu kwa sauti ndogo. Nilimwomba Sunita anitafsirie, hakutaka, nikaomba tena.

“Anasema, alikuwa ameshakwenda.”

Kisha yule mama akavua shali yake, ile aliyokuwa analilia, akanifunika mabega na kiuno. Kuhani alianza sala upya, kwa haraka safari hii, maana familia nyingine ilikuwa inamngoja ngazini. Maua hayakuwepo tena. Arun akakishusha chungu taratibu, na Mama Sunita hakuangalia. Aliangalia mbao za mtumbwi mpaka tukafika. Hicho ndicho kinaniuma kuliko sketi, kuliko video: mara ya pili hakuweza kuangalia.

Wiki mbili baadaye mama yangu akapiga simu toka Uvira. Wanakwaya wenzake walikuwa wamemwonyesha.

“Mapendo, ule muntu mu video ni weye?”

“Njo minye, mama.”

“Na ile chungu, iko ya nini?”

Nikamweleza yote.

“Uliomba musamaha?”

“Niliomba palepale, mama.”

“Ukiwa na maji ndani ya masikio. Hiyo haihesabiwi. Rudi kwao, uombe ukiwa umekauka.”

Nilirudi kijijini kwao likizo ilipofika, pamoja na Sunita, nikiwa nimekariri sentensi moja ya Kihindi ya kuomba radhi. Siku hizi muntu akinieleza jambo na sikulisikia vizuri, ninamkatiza hata kama analia, hata kama iko mkubwa wangu: samahani, rudilia, sijaelewa. Nimeapa hivyo na ninashika.

Mama Sunita alikuwa uani anachambua dengu kwenye ungo. Nikapiga magoti, nikasema sentensi yangu, nafikiri nilikosea nusu. Akanishika mkono akanikalisha karibu naye. Tukachambua dengu pamoja kitambo kirefu, kisha akauliza kitu, na Sunita akasita kabla ya kunitafsiria.

“Anauliza, kule chini ulikomkuta, maji yalikuwa baridi?”

Yalikuwa baridi ya kukata mifupa.

“Hapana, mama,” nikasema. “Yalikuwa vuguvugu.”

Sunita alinitazama kwanza, halafu akamtafsiria mama yake kama nilivyosema.