Jembe la Kuanua Matanga

Mume wangu alistaafu ukasisi wa jeshi, lakini mazoea yana taabu. Alipopewa parishi Kibondo aliendelea kuamka kabla ya majogoo, na mahubiri yake yalikuwa mafupi mno. Wazee walilalamika kwamba hawajakaa vizuri, yeye ameshasema amina.

Baadaye tukahamishiwa Kasulu, na kule kijijini Heru Juu alikuwapo mama mmoja mjane aliyemkumbuka vizuri. Mwanawe wa pekee alikuwa askari, akafia kazini mbali. Mume wangu, akiwa bado jeshini, ndiye aliyefika na jeneza na kusoma ibada ya maziko. Jeneza lilikuwa limepigiliwa misumari, na amri ilikuwa lisifunguliwe. Mama aliomba auone uso tu, akakataliwa.

Kwa wazee wa huku, mfiwa hashiki jembe mpaka matanga yaanuliwe na msiba kufungwa. Yule mama alikataa katakata kuyaanua. Mvua zilikuwa zimeanza tena, shamba limemezwa na magugu, naye alikula kwa hisani ya majirani, ambao sasa walinung'unika. Ndugu zake wakamwomba mume wangu akamlainishe. Nilimwonya asiende na maneno ya kambini. Akanikazia macho, tukapanda bodaboda tumenuniana.

Mama alitukaribisha vizuri, akatupa vigoda. Hakupindapinda maneno.

"Mchungaji, wewe ulimwona mwanangu?"

Nilimwombea mume wangu adanganye. Ndiyo, mimi, mke wa kasisi. Uongo mdogo tu, mama wa watu apumzike, alime maharage yake.

"Sikumwona, mama. Hata mimi nililetewa jeneza limeshafungwa. Niliomba lifunguliwe, nikakataliwa kama wewe."

Niliogopa mama atatufukuza, maana muda wote huo alikuwa akiamini kwamba mume wangu aliuona ule uso, akamnyima yeye. Mwishowe akamuuliza kama aliwazika wengi namna hiyo. Mume wangu akaitikia kwa kichwa.

"Basi na wewe ni mfiwa," mama akasema. "Nani amekuanulia matanga?"

Akaingia ndani, akatoka na majembe mawili, moja akampa mume wangu. Wakaanza kulima tuta la kwanza pamoja, bega kwa bega. Tangu anioe sikuwahi kuona chozi la mume wangu. Siku ile alilia mpaka mwisho wa tuta, na mama hakumwambia anyamaze.