Siku Ulizokosekana kwa Mumeo

Nakumbuka asubuhi moja ya ukungu hapa Elburgon, Nafula mwanangu, na aliyenikumbusha ni wewe na simu yako ya jana. Unaomba makaratasi ya kuishi huko kwa mumeo siku zote, nao wanataka kujua kila siku uliyokuwa nje ya nchi yao. Ukaniambia, "Kukhu, zile wiki sita nilizokuja kukuuguza nitaziruka. Wakizihesabu watanikataa."

Sasa nisikize mimi nyanya yako. Nilikuwa nimeolewa mwaka mmoja tu. Babu yako alikuwa msituni akipasua mbao. Nikatoroka kwenda Molo kwa dada yangu aliyejifungua, siku tano nzima, bila kumuaga mama mkwe. Nikarudi na uongo wangu tayari mdomoni.

"Nilikuwa hapa tu, mama. Kwa jirani."

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

"Najua ulikuwa hapa," akasema. "Siku tano nakupakulia ugali. Unakaa tu hapo motoni. Huli, husemi."

Akanionyesha sahani, ugali umekauka mpaka umepasuka. Halafu akanionyesha jivu. Nyayo, mwanangu, zimezunguka mafiga! Na mguu wa kushoto ulikuwa na vidole vinne. Ni huu wangu unaoujua, uliokatwa kidole na shoka nikiwa mdogo.

Nikataka kucheka, meno yakagongana.

"Mtu akiondoka bila kusema, kuna kitu hukaa mahali pake," akasema. "Wewe msichana, sema ulikokuwa, kabla hakijazoea."

Nikasema yote: Molo, mtoto wa dada, siku tano, hata lori la viazi lililonirudisha. Ndipo akachukua ufagio akafagia lile jivu. Mimi singeligusa.

Jana ulicheka ukisema mumeo, zile wiki sita, alikuwa akisikia mtu akiosha vikombe jikoni. Mimi sikucheka.

Ziandike, mwanangu. Zote. Mimi niliishia darasa la tatu, lakini najua muhuri wa uwanja wa ndege hausahau. Tafuta tiketi, toa kopi ya kila ukurasa wa pasipoti. Barua ya hospitali iko hapa chini ya godoro langu, nitakutumia. Mficha uchi hazai. Wakikukataa na ukweli wako, utaomba tena. Wakikushika na uongo, utarudi kuwaambia nini?

Mungu akufungulie huo mlango, uingie wewe mwenyewe, mzima, na usimkute mtu ndani.