Nadhiri ya Mchezaji Nambari Saba

Mtanicheka, na ni haki yenu. Mwanangu Nasri, aliyekuwa akisoma Marekani, alinambia kwa simu ameingia timu ya chuo, ya ule mpira wao wa kushika kwa mikono na kugongana. Msimu ulipoanza akawa ananiletea kanda za video kwa watu wanaorudi Oman, nami nazitazama hapa Ibra na majirani.

Wachezaji wote huvaa helmeti, uso hauonekani. Nikamwonyesha Bi Zuwena, jirani yangu, mchezaji nambari saba.

"Huyo ndiye. Anatembea kama marehemu baba yake."

"Una hakika?"

"Mimi ndiye niliyemzaa!"

Kila huyo nambari saba alipoangushwa na kulaliwa na yale majitu, nililia. Mwisho nikaweka nadhiri: mwanangu akimaliza msimu akiwa mzima, nachinja mbuzi.

Likizo ilipofika Nasri akarudi, hana hata mkwaruzo. Nikachinja, nikapika, nikaalika wanawake wa mtaani waliomwona akikua, kisha nikatia kanda. Saba alipotokea, vigelegele!

Nasri akainamisha kichwa.

"Mama, huyo si mimi. Mimi yule pale kwenye benchi, niliyejifunika blanketi. Msimu mzima hawakunitia uwanjani."

Nikamtazama yule saba, anainuka tena kutoka chini, na machozi yangu yote yako kwake. Sijui hata mama yake anaitwa nani.

Bi Zuwena akasita, tonge mkononi. "Sasa mbuzi huyu tumemchinjia mtoto wa nani?"