Viatu Vilivyombana Barasa

Wabwile wa Matulo alikuwa mtu wa kwaya, si mtu wa milima. Kitambi chake kilitangulia kila mahali, yeye akifuata nyuma kama mwombolezaji. Lakini siku ya kugawa nguo za ndugu yake Barasa, aliyefariki Kitale, wazee walimkabidhi viatu vya marehemu vya kupandia milima, na kipaza sauti kilikuwa karibu. Mtu wa kwaya akishika kipaza sauti, shetani naye huvuta kiti.

"Kiangazi hiki nitawaongoza vijana wa kanisa korongoni, kama ndugu yangu alivyofanya kila mwaka," alitangaza. "Na nitaomba pale pale kidimbwini alipokuwa akiomba!"

Mama yao akapiga vigelegele katikati ya kilio. Basi, yamekwisha. Neno lililosemwa matangani halirudi mdomoni.

Viatu vilimbana tangu alipovijaribu. Lakini kuvikataa ni kumkataa marehemu, kwa hiyo aliwaambia wazee vinamtosha kabisa, na Mungu alisikia uongo huo.

Januari ilipofika, aliteremka korongoni nyuma ya vijana aliokuwa akiwaongoza. Mbele alitembea Chesang, mama mkulima wa ukingoni mwa korongo, ambaye kila mwaka alimwonyesha Barasa njia. Mawe yaliteleza, jua likachoma, na mto wakauvuka mara nyingi kuliko Waisraeli walivyovuka Yordani. Wabwile alianzisha wimbo wa kujitia moyo. Ubeti wa pili ulikosa pumzi.

"Mwalimu, ati unatuongoza ama unatufukuza?" akauliza Linah, msichana mtundu wa kwaya yake.

"Mchungaji huchunga kwa nyuma," alijibu, akijitupa juu ya jiwe.

Vidole vyake viliwaka moto. Kidimbwi ambako Barasa alikuwa akiomba kilikuwa bado mbali, juu ya miamba, na alijua hafiki. Atamwambia nini mama?

Chesang akarudi, akamtazama miguu. "Si uvue hizo viatu, mzee?"

"Ni za ndugu yangu. Sivui."

"Hizo? Barasa alikuwa anazivulia hapa hapa, kila mwaka. Zilimfinya sana! Alizinunua mtumba, akaona haya kuambia watu ni ndogo."

Wabwile akacheka mpaka machozi yakamtoka. Kicheko kikaisha, machozi yakaendelea, na vijana wakajifanya wanaangalia maji.

Alivivua, akavifunga kamba pamoja, akavitundika shingoni. Alipanda pekupeku, na mahali pabaya akatambaa kwa magoti, akijifariji kwamba ndivyo Mkristo anavyotakiwa kwenda.

Alikuwa ametunga maombi marefu, yenye Zaburi tatu ndani yake. Alipofika kidimbwini, pumzi ilimruhusu maneno machache tu.

"Bwana, asante kwa Barasa. Na kwa miguu yake."

"Amina!" wakaitikia vijana haraka, kabla hajapata pumzi ya kuongeza.